Taa ya injini inayofutwa na kurudi: kidude chako, fundi wa mtaani au kituo cha vipimo?

Taa ya njano yenye umbo la injini inawaka. Fundi anachomeka mashine, anafuta, unalipa, unaondoka. Siku chache baadaye imewaka tena, na sasa umeshanunua sensa moja mpya ambayo haikubadilisha kitu. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Ununue kidude chako cha kusomea makosa ya injini ujisomee mwenyewe? Umrudie fundi wa mtaani? Au upeleke gari kwenye kituo cha vipimo ambako kupima tu kuna bei yake?

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyefika hapo. Magari ninayoyazungumzia zaidi ni ya petroli yaliyokuja yakiwa yametumika Japani, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu, Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala: IST, Vitz, Premio, Probox, Demio, X-Trail, Forester.

Kabla ya lolote, zitenganishe taa. Ya njano inayowaka bila kupepesa inakupa muda wa kufikiri. Ya njano inayopepesa inamaanisha injini inamisi kiasi kwamba petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya eksozi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi. Punguza mwendo, tafuta pa kuegesha, achana na safari ndefu. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni jambo jingine kabisa: simama mahali salama mara moja na uzime injini.

Kwa nini inarudi

Kompyuta ya injini ina utaratibu wa kusubiri. Kwa hitilafu nyingi, kosa likionekana safari ya kwanza linaandikwa kuwa linasubiri tu, bila taa. Likijirudia safari inayofuata, taa inawaka. Kosa likikosekana safari tatu mfululizo, taa inazimika yenyewe, ila namba yake (msimbo wa kosa, mfano P0171) inabaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate moto na kupoa mara 40. Ukiuelewa utaratibu huu utaona kwamba taa iliyofutwa leo ni lazima itulie kwanza, hata kama hakuna kilichotengenezwa. Siku mbili za utulivu hazithibitishi chochote.

Kufuta kuna hasara nyingine. Kosa linapotokea, kompyuta huhifadhi hali ya injini ya wakati huohuo: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Huo ni ushahidi wa thamani kubwa, na kufuta kunauondoa. Kuchomoa betri kunauondoa pia. Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua kati ya hizi tatu, sharti la kwanza ni hili: piga picha ya namba na ya takwimu hizo kabla mtu yeyote hajagusa kitufe cha kufuta. Ukiweza kulishika jambo moja tu katika makala yote, shika hilo.

Jambo la pili ni kwamba namba haikutajii spea ya kubadilisha. P0171 ni P0171 kwenye simu yako na ni P0171 kwenye kompyuta ya wakala wa kampuni ya gari. Inasema tu kwamba hewa imezidi mafuta. Petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue vizuri. Sensa ya oksijeni inaripoti kwamba hewa imezidi, kompyuta inaongeza mafuta kidogo kidogo, na ikifika mwisho wa uwezo wake inawasha taa. Chanzo kinaweza kuwa mpira uliopasuka nyuma ya sensa ya hewa, gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, nozeli chafu, au eksozi inayovuja kabla ya sensa. Sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo watu hukimbilia kununua, mara nyingi ndiyo iliyosema kweli.

P0420 inasema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Huku kwetu inawezekana kabisa hayapo, yalishakatwa na kuuzwa kwa ajili ya platinamu na paladiamu iliyomo ndani. Gari likishapita mikononi mwa watu wawili watatu, mwenye gari wa sasa huenda hajui, naye ataendelea kununua sensa. P0128 inasema maji hayafiki joto linalotakiwa. Hapo nauliza swali moja tu: thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo? Mafundi wengi wameitoa kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto la kutosha. Injini haijui habari ya nchi. Inataka kufika nyuzi 80 na ushee na kubaki hapo. Isipofika, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inazidi kumwaga mafuta, plagi zinajaa masizi, na unywaji unapanda. Rudisha thamostati kabla hujafikiria sensa ya joto.

Tofauti ya njia hizi tatu, basi, iko kwenye kazi inayofanyika kati ya namba na spea. Nani anaifanya, kwa vifaa gani, na nani anakaa na tatizo mpaka lithibitike kwamba limeisha.

Kuna njia ya nne ambayo siilinganishi: kufuta kila wiki, au kutoa balbu ya taa ili isionekane. Hitilafu nyingine ikija juu ya hiyo ya kwanza hutaiona, na ya pili inaweza kuwa ile inayoua injini.

Vigezo

Nitazipima zote kwa mambo yaleyale. Kwanza, inaona kiasi gani: namba tu, takwimu za injini inayozunguka, au vipimo vya mkono na vifaa. Pili, kama inaweza kuongea na gari lako. Tatu, gharama ya kufika mwisho. Ada ya kupima ni sehemu ndogo yake. Nne, inavyoweza kukabili hitilafu inayokuja na kuondoka. Tano, ikikosewa nani analipa. Kisha nani inamfaa.

Kidude chako na simu

*Inaona nini.* Zaidi ya watu wanavyodhani. Vidude vidogo vya blutuuthi vinavyoitwa ELM327, pamoja na programu kama Torque au Car Scanner, husoma namba, husoma makosa yanayosubiri, na huonyesha takwimu za injini ikiwa inazunguka. Takwimu ya kuitazama kwanza kwenye P0171 ni ile ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, inayoonyeshwa kwa asilimia. Iwe karibu na sifuri, hakuna shida. Ikiwa inakaa juu ya +10, kompyuta inahangaika. Sasa fanya jaribio hili: injini ikiwa na moto, iangalie ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyaga mafuta), kisha shikilia mafuta kwenye mizunguko 2500. Ikiwa ni kubwa sailensa na inashuka unapokanyaga, hewa inaingia mahali isipotakiwa, kwa sababu tundu dogo lina uzito mkubwa injini inapovuta hewa kidogo. Ikiwa inazidi kupanda unapopandisha mlima, elekeza macho kwenye pampu, chujio au sensa ya hewa. Umepunguza washukiwa kwa zaidi ya nusu bila kufungua boliti.

Kwenye kumisi ni rahisi zaidi. Injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye IST, Vitz na Premio za 1500 na Probox nyingi, ina koili moja juu ya kila plagi, imeshikwa na boliti moja ya namba 10. Ukisoma P0302, yaani silinda ya pili inamisi, zima injini, hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa, endesha. Ikirudi P0303, umeikamata koili. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Fanya vivyo hivyo kwa plagi. Nozeli na mgandamizo wa silinda ndio hubaki, na hapo ni kazi ya mwenye vifaa.

*Inaongea na gari lako?* Hapa ndipo watu wanapovunjika moyo. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, yaani lugha moja ya kusoma makosa kwa kifaa chochote, kwa magari madogo yote kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa petroli mwaka 2001. Japani ilikuwa na utaratibu wake. Gari la soko la Japani la mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfano IST ya kwanza iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, lina soketi ileile ya matundu 16 chini ya dashibodi lakini linaweza kukataa kabisa kuongea na kidude cha bei rahisi. Wakati mwingine mipangilio maalumu ya programu husaidia, wakati mwingine hapana. Kadiri gari linavyokuwa jipya ndivyo uwezekano unavyokuwa mzuri. Muombe muuzaji ujaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Ukiwa na iPhone, vidude vya blutuuthi ya kizamani havitaunganika. Tafuta cha Wi-Fi au cha blutuuthi LE.

*Gharama.* Kidude na programu ni chini ya gharama ya kujaza tangi la Vitz. Mashine ya mkononi yenye kioo chake inazidi hapo, bado inavumilika. Gharama halisi iko kwenye hamu ya kununua spea baada ya kusoma namba.

*Hitilafu ya kuja na kuondoka.* Hakuna anayekushinda hapa. Wewe ndiye uliyemo ndani ya gari taa inapowaka saa moja asubuhi, injini ikiwa ya baridi, baada ya mvua, kwenye mlima uleule. Sensa ya mzunguko wa injini inayokufa kwa joto, kwa mfano, huzima gari kwenye foleni na kulirudisha likipoa. Fundi atakayelipokea likiwa limepoa haoni kitu. Programu nyingi zinaweza kurekodi safari nzima. Ila ukiegesha, chomoa kidude, maana vingine vinakula betri.

*Ikikosewa.* Unalipa wewe, na duka nyingi hazirudishi spea ya umeme ikishafungwa.

*Inamfaa* mtu anayepata nusu saa kwa utulivu, anayeweza kuandika anachokiona, na asiyeona aibu kuishia hapo na kumpelekea fundi matokeo. Hata mtu asiyeshika spana kabisa anafaidika nacho, kwa kuwa anakwenda gereji akiwa na picha mkononi.

Fundi wa mtaani mwenye mashine

*Inaona nini.* Inategemea fundi kuliko mashine. Mafundi wengi sasa wana mashine za mkononi zinazosoma chapa nyingi, na nyingine ni nzuri kweli: zinasoma injini, gia, breki na mifuko ya hewa. Lakini nguvu ya fundi mzuri wa mtaani iko kwingine. Ameona IST hamsini zenye kosa hilohilo. Anasikia mluzi wa mpira uliopasuka kabla hujafungua boneti vizuri. Kwenye P0171 atanyunyizia kimiminika cha kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi na kusikiliza mlio unapobadilika, kipimo cha zamani ambacho bado kinafanya kazi kikifanywa kwa uangalifu, mbali na sehemu za moto.

Ana faida nyingine ambayo wenye vituo vikubwa hawana: spea ya kujaribia. Kwenye mitaa ya spea kama Gerezani ya Dar, au Kirinyaga Road ya Nairobi, fundi anayeaminika anaweza kuazima sensa ya hewa iliyotumika, akaifunga, mkaendesha, na mkajua kabla hujanunua. Kubadilishana kifaa kinachojulikana kuwa kizima ni upimaji halali kabisa, ili mradi kifaa hicho kiwe kizima kweli.

Udhaifu wake unatokana na namna anavyolipwa. Fundi wa mtaani halipwi kwa kufikiri. Analipwa kwa kufunga kitu. Mteja anayekataa kulipia saa mbili za kupima lakini anakubali kununua sensa anamsukuma fundi ataje sensa. Hapo lawama hatuwezi kumuachia yeye peke yake. Mwambie mapema: "Fundi, nitakulipa kwa kupima, hata kama hutafunga spea leo." Utaona tofauti. Na akitaja spea, muulize kwa heshima ameipimaje. Anayejua atakuonyesha.

*Inaongea na gari lako?* Kwa Toyota za zamani, mara nyingi vizuri kuliko kidude chako. Kuna mafundi wanaosoma bila mashine: wanaunganisha tundu la 4 na la 13 la soketi kwa kipande cha waya, wanawasha swichi, kisha wanahesabu taa inavyopepesa. Ni njia ya kweli ya Toyota. Usiijaribu kwa kubahatisha, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na kosa la tundu moja linaweza kuunguza fyuzi au zaidi.

*Gharama.* Ada ya kupima ni ndogo, mara nyingi inasamehewa ukitengeneza palepale. Jumla ndiyo ya kuangalia. Sensa tatu za kubahatisha, mojawapo ikiwa feki, zinazidi bei ya kipimo kamili cha kituo kikubwa.

*Hitilafu ya kuja na kuondoka.* Wastani. Anaweza kukaa na gari siku mbili na kuliendesha, jambo ambalo kituo kikubwa hakipendi. Lakini gereji ina magari kumi, na la kwako halimisi leo. Anachoweza kukifanya vizuri ni ukaguzi wa macho: waya zilizoliwa na panya, plagi za waya zenye kutu ya kijani kwa hewa ya pwani, maji kwenye mashimo ya plagi baada ya injini kuoshwa kwa presha. Hili la kuosha injini linanikera, kwa kuwa magari mengi yanaingia sehemu ya kuoshea yakiwa mazima na kutoka yakimisi. Angalia pia mahali alipounga waya fundi aliyepita. Waya uliosokotwa na kufungwa utepe bila kulehemiwa wala kubanwa kwa kiungio utarudisha taa kila barabara ikiwa mbovu.

*Ikikosewa.* Mazungumzo. Fundi anayejali jina lake atarudia kazi bure. Spea utailipia mwenyewe. Hakuna karatasi.

*Inamfaa* mwenye fundi anayemfahamu kwa miaka, mwenye gari la kawaida ambalo mtaa mzima unalijua, na mwenye hitilafu ambayo haijifichi.

Kituo cha vipimo au wakala

*Inaona nini.* Kila kitu, kikiwa kituo cha kweli. Programu za kiwandani, Techstream kwa Toyota, Consult kwa Nissan, Select Monitor kwa Subaru, haziishii kusoma. Zinaamuru: zinafungua vali ya VVT-i (vali ya oili inayorekebisha wakati wa kufunguka kwa vali za injini) uone kama injini inabadilika mlio, zinazima nozeli moja moja, zinawasha pampu. Kwenye P0171 wataingiza moshi ndani ya njia ya hewa na kuangalia unapotokea. Tundu lisiloonekana kwa macho linajitangaza lenyewe. Watafunga geji ya presha ya mafuta, ambayo kwenye 1NZ-FE inatakiwa iwe kPa 304 hadi 343, na hapo ubishi kuhusu pampu unaisha. Wenye osiloskopu wataona umbo la umeme wa sensa badala ya kukisia.

Tahadhari moja. Kibao kilichoandikwa kwamba hapa wanapima magari kwa kompyuta hakifanyi gereji kuwa kituo cha vipimo. Piga simu uulize: mna mashine ya moshi? Mnapima presha ya mafuta? Mnatoa ripoti ya maandishi? Wakijibu kwamba mashine itaonyesha kila kitu, hao ni fundi wa mtaani kwa bei ya juu.

*Inaongea na gari lako?* Kama ni chapa wanayoishughulikia, ndiyo. Wakala rasmi wakati mwingine husitasita kwa magari ya soko la Japani ambayo hakuyauza yeye, uliza kabla. Kwa BMW, Mercedes na Volkswagen njia hii inakaribia kuwa lazima, kwa sababu makosa mengi ya magari hayo yanasomeka kikamilifu kwa programu zao tu.

*Gharama.* Unalipia kupima hata kama hutengenezi hapo. Wengi wanaona ni hasara. Mimi naona ndiyo pesa safi zaidi katika mchakato wote, kwa kuwa umelipia jibu. Kinachopandisha bili ni matengenezo: spea mpya za asili, na mara nyingi kifaa kizima mahali ambapo fundi wa mtaani angesafisha chujio dogo la vali ya oili na kurudisha. Hakuna sheria inayokulazimisha kutengeneza palipopimwa.

*Hitilafu ya kuja na kuondoka.* Hapa kituo kikubwa kinaweza kukuangusha. Gari linafika likiwa zima, linapimwa saa moja, linarudi na ripoti kwamba hakuna kosa. Ukiwa na picha za namba na rekodi za safari, wanaweza kuiga hali ileile. Ukienda mikono mitupu, hawana pa kuanzia.

*Ikikosewa.* Una karatasi, na kituo kinachojiheshimu kinatoa dhamana ya kazi na ya spea kilizofunga. Hii ndiyo nguvu yake kubwa.

*Inamfaa* mwenye gari lenye hitilafu iliyoshinda watu wawili, mwenye gari la Ulaya au la teknolojia mpya kama mseto wa umeme, na mwenye gari la biashara ambalo kila siku ya kusimama ni pesa. Aliye Songea au Lodwar aweke pia gharama ya safari kwenye hesabu.

Kujua kwamba imepona

Taa kuzimika haitoshi, kwa njia yoyote. Baada ya matengenezo, endesha gari katika hali ileile iliyohifadhiwa kwenye picha yako: mwendo ule, joto lile, mlima ule. Kisha soma tena, ukitafuta makosa yanayosubiri. Kwenye P0171, angalia kama marekebisho ya mafuta yamerudi karibu na sifuri. Ikiwa bado yako 18 na taa haijawaka, itawaka. Kidude chako kina kazi hapa hata kama gari lilitengenezwa na wakala.

Kulingana na hali yako

*Taa imewaka mara ya kwanza, gari linaendeshwa vizuri.* Isome, piga picha, kagua mipira ya hewa, plagi za waya na kichujio cha hewa. Kidude au fundi wa mtaani vinatosha. Usifute bado.

*Imerudi mara ya pili kwa namba ileile.* Usinunue spea hata moja. Chukua takwimu za sailensa na za 2500, kisha mpelekee fundi unayemwamini na umlipe kwa kupima. Kwa gari la Toyota la kawaida, wengi humalizia hapa.

*Imerudi kwa namba tofauti kila mara.* Achana na sensa. Pima betri na alteneta, kagua waya za ethi (hasi) zinazofungwa kwenye bodi na kwenye injini, fungua plagi za waya uone unyevu. Fundi umeme mzuri wa magari anafaa kuliko yeyote hapa.

*Spea mbili zimeshabadilishwa na taa ipo.* Kituo cha vipimo, na uwape orodha ya kilichobadilishwa. Sensa mpya ya bei rahisi inaweza kuwa yenyewe tatizo jipya. Chukua ripoti, kisha amua wapi pa kutengenezea. Ripoti nzuri mikononi mwa fundi wa mtaani mzuri ni mchanganyiko ninaoupenda kwa mtu mwenye bajeti ndogo.

*P0420 na gari halina tatizo jingine.* Chungulia chini ya gari kwanza uone kama masega yapo, au muombe fundi achungulie. Kama yamekatwa, unaamua kati ya kurudisha masega na kuishi na taa. Ukiamua kuishi nayo, nunua kidude, ili uweze kuona namba nyingine ikiongezeka.

*Unategemea gari kwa teksi au kwa mizigo.* Kidude kikae garini daima, na namba ya kumisi isisubiri wikiendi.

*Unanunua gari la mtu na taa haiwaki.* Washa swichi bila kuwasha injini: taa inatakiwa iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameishughulikia. Kwa magari yanayotoa taarifa hiyo, programu ya simu itaonyesha pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa karibu yote hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa hivi karibuni au betri ilichomolewa. Omba uendeshe siku nzima kabla ya kulipa.

*Umepita kote na bado inarudi.* Kusanya picha zote, risiti zote na tarehe zake, umkabidhi mtu mmoja tu. Muombe aanze na waya kutoka kwenye sensa husika hadi kwenye kompyuta, akizitikisa injini ikiwa inazunguka huku wewe ukiangalia takwimu kwenye simu. Ikiruka wakati anatikisa, msimamishe hapohapo.